Naomba Nirudishiwe Ulimi wa Mume Wangu Kabla ya Jumamosi

Pendo, mke wa Mathayo,
Nyuma ya soko la mboga,
Lushoto.

Kwa Meneja,
Hoteli ya Ukungu,
Lushoto.

YAH: KURUDISHIWA ULIMI WA MUME WANGU KABLA YA JUMAMOSI

Ndugu Meneja,

Shikamoo. Najua barua za ofisini hazina shikamoo, lakini wewe ni mtu mzima na mimi nina wazazi walionilea, kwa hiyo nimeanza nayo. Kichwa cha habari hapo juu usikishangae. Nimekifikiria siku kadhaa, mkono mmoja una mtoto na mwingine una mwiko, na sijapata kingine kinachosema ukweli kwa ufupi zaidi.

Mimi ni mke wa Mathayo, yule dereva wako aliyekuwa akipokea wageni Mombo na kuwapandisha huku juu, ambaye mwaka huu ulimtoa kwenye usukani ukampeleka kwenye divai. Nakumbuka siku aliyorudi na habari hiyo. Alisema Meneja amegundua kwamba wageni wakimsikiliza Mathayo akieleza kona za barabara ya Mombo wanasahau kuogopa, basi mtu anayeweza kueleza kona ataweza kueleza na divai. Nilifurahi. Barabara ile mvua ikinyesha mawe hushuka bila kupiga honi. Divai haina kona wala mawe, nikajisemea, sasa nitalala.

Usiniweke kwenye kundi la wanawake wanaochukia kazi za waume zao. Kazi nimeielewa. Mmekuta nyumba ya zamani, chini yake kuna chumba kilichochimbwa ardhini, ambacho wafanyakazi wote wanakiita shimoni, na humo mnalaza chupa za divai nyekundu hadi zizeeke. Wageni wanashuka na mishumaa. Mathayo anamimina kidogo, anainua glasi kwenye mwanga, anaizungusha, ananusa, anavuta funda kwa sauti, anasukutua, anatema kwenye ndoo, kisha anawaeleza wageni alichokikuta mdomoni: ngozi ya kiatu kilicholowa, majani makavu ya msituni, sanduku la bibi, plamu iliyosahauliwa juani, na ladha imebaki ulimini kwa muda gani, ambao wao wanauita mwisho. Anatema kwa sababu akimeza chupa zote za jioni moja atalala humohumo. Hilo nalo nimelielewa na nakushukuru. Anarudi nyumbani mzima, miguu imenyooka.

Na tatizo ndilo hilo. Mume mlevi ningejua pa kumpeleka. Umoja wa wanawake kanisani una kamati, mchungaji ana mahubiri ya kutosha, na mama yangu ana fimbo. Lakini mume anayekunywa akatema, akarudi mkavu na maneno tele, kamati yake sijaiona. Nilipomwendea mchungaji aliniuliza, analewa? Nikasema halewi. Anapiga? Hapigi. Anachelewa? Hachelewi. Akaniangalia kama mtu aliyekwenda hospitali kulalamika kwamba ni mzima. Aliyenielewa ni jirani yangu Mama Twaha, ambaye kwao kileo hakiguswi hata kwa kidole. Alisema, "Pendo, mwenzangu, mumeo hajalewa. Maneno ndiyo yamelewa."

Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili usipate taabu ya kujibu.

1. UJI. Hakuna kinachoingia kinywani mwa Mathayo sasa hivi kabla hajakisemea. Asubuhi namwekea uji, anauzungusha kikombeni, anainamia, bega la kulia linashuka, anafumba macho. "Mwanzo wake mahindi," anasema, "katikati ulezi, na kwa nyuma kuna moshi. Umekaa, eh?" Nilimjibu umekaa ndiyo, umekaa tangu saa kumi na mbili ukikusubiri wewe. Chai ya Mponde, ambayo baba yake aliichuma maisha yake yote na kumlea kwayo, anaizungusha hadi inapoa, halafu ananiambia imepoa. Makande yangu aliyaambia kwamba yana "ukimya." Makande, Ndugu Meneja. Nimeyapika tangu alfajiri na kuni mbichi, macho yananiwasha, halafu yana ukimya.

2. NEPI. Tuna binti anayetambaa, tumempa jina la bibi yake, Elieshi. Siku moja nilimwambia Mathayo, baba, mwangalie mtoto, nadhani amejichafua. Akamnyanyua. Nikasubiri kusikia maji. Sikusikia maji. Nilichosikia ni hiki: "Kuna uchachu wa maziwa hapa, halafu kwa mbali, sijui, nyasi mbichi." Nilipoingia chumbani alikuwa bado amemshika mtoto hewani, anatafuta neno. Mtoto naye ametulia anamsikiliza. Nimembadilisha mimi.

3. PILAU YA MAMA TWAHA. Siku ya Idi Mama Twaha alituletea sahani ya pilau, yenyewe ya moto, ametembea nayo uani kwa mikono miwili. Mathayo alionja mbele yake akasema kwa furaha, "Jirani, hii ina umri ndani yake!" Huko shimoni kwenu kuwa na umri ni sifa. Uani kwetu mtu akikwambia chakula chako kina umri amekwambia umemletea kiporo. Mama Twaha ana moyo mkubwa, alicheka baadaye, ila baadaye yenyewe ilikuwa wiki ya pili yake. Wiki ile chumvi niliifuata dukani, sikuthubutu kuiomba kwake.

4. JAMBO LANGU BINAFSI. Hili nalisema kwa utulivu. Divai iliyozeeka mnailaza ubavu, gizani, penye ubaridi, na ni mwiko kuitikisa. Mathayo ameniambia mwenyewe kwamba akipita karibu yake ananyata. Siku yake ya kunywewa ikifika inafunguliwa mapema, inaachwa ipumue kwanza kabla mtu hajaisumbua. Na vumbi lililo juu ya chupa halifutwi, ndiyo heshima yake.

Ndugu Meneja, mimi sijaachwa nipumue tangu Elieshi azaliwe. Nalala jicho moja, tena kwa zamu, na kila nikianza kutua natikiswa. Vumbi likionekana juu ya kabati langu mama mkwe anaandika jina lake juu yake kwa kidole na kuondoka kimya. Divai ikikaza ulimi kwa ukakasi, Mathayo anawaambia wageni kwa upole, ipeni muda, bado ina ujana. Mimi nikiwa na ukakasi ananiuliza nimenuna nini. Ile michirizi inayoteremka ndani ya glasi nasikia mnaiita miguu, na anaisifia mbele za watu: itazameni miguu yake, mizuri, haina haraka. Miguu yangu inayopanda kutoka bombani na ndoo ya maji hajaisemea neno. Sisemi kwamba naionea wivu chupa. Nasema tu kwamba aliyezeeka kwa kulala anapata maneno mengi kuliko anayezeeka kwa kukesha, na hilo nadhani hata kwenye hoteli linaweza kuonekana si haki.

5. KIBUYU CHA RANGWI. Hayo ya juu ningeyabeba. Hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu, kwa hiyo hata kama umechoka kusoma, hapa naomba usimame.

Mathayo ana mdogo wake, Timotheo, tunaishi naye, analima karoti. Ni kijana mpole ambaye hata salamu anaitoa kwa kuibana. Huyu amempata binti wa kijiji cha Rangwi, anaitwa Shukrani. Siku Shukrani alipokuja kutusalimia hakukalia kiti cha wageni. Alimfungua Elieshi mgongoni kwangu, akamfunga mgongoni kwake, akaniambia, "Dada, nenda kalale." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo kwenye nyumba hii. Nililala hadi ng'ombe wa jirani wakarudi. Nilipoamka mtoto ameoshwa, ameshiba, na sufuria zimefudikizwa. Nililia kidogo, peke yangu, nyuma ya mlango. Na hapo nikaamua kwamba Timotheo amwoe huyu binti au asimwoe, mimi nimeshamchukua. Kiwanja cha Timotheo kimepakana na chetu, wakijenga ni hatua tu.

Posa ikapelekwa, na mshenga akawa Mathayo, kwa kuwa ndiye kaka na ndiye mwenye maneno. Kwa ukoo wa Mzee Nathanaeli, baba yake Shukrani, mshenga hamalizi kazi kwa mdomo mtupu. Anapewa kibuyu cha pombe ya miwa iliyopikwa na shangazi wa binti. Anakunywa mbele ya watu, anameza, na kumeza kwake maana yake ni kwamba tumempokea binti yenu pamoja na utamu na uchachu wake. Hapo kibuyu kinazunguka kwa wote na neno limekwisha. Mathayo amekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, watu wa kila kabila, ambako posa ilikuwa soda na biskuti. Hakulijua hilo. Nami sikumweleza, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu mzima anaweza kupewa kinywaji na watu wazima wenzake asikimeze.

Alikipokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa. Halafu nikaliona lile bega la kulia linashuka, kama linavyoshuka akiukaribia uji. Akakipeleka kibuyu dirishani kutazama rangi. Rangi ya kitu kilichomo ndani ya kibuyu! Akakizungusha. Akaingiza pua, akaitoa, akairudisha. Wazee wakatazamana, mmoja akanong'ona kwa Kishambaa kwamba huenda kijana ana mafua. Akavuta funda, fyuuu, akatazama darini, mashavu yakaenda kulia, yakaenda kushoto. Nyumba nzima ilikaa kimya kusikiliza mashavu ya mume wangu. Kisha nikaona macho yake yanatafuta ndoo. Ndoo haikuwepo. Kilichokuwepo ni beseni la kunawia mikono, na aliyelishika ni shangazi mwenyewe aliyeipika hiyo pombe.

Akatema humo. Kwa adabu, bila kurusha hata tone, kama mlivyomfundisha.

Halafu akamtabasamia. "Inaanza kwa furaha, shangazi," akamwambia, "ila mwisho wake ni mfupi."

Shangazi aliliweka beseni chini. Nimeona mabeseni mengi yakiwekwa chini maishani mwangu, hilo silisahau. Nyuma ya mlango wa jikoni Shukrani alitoa sauti moja tu, kama mtu aliyejikata kisu. Mzee Nathanaeli akasimama, akamtazama Timotheo na siyo Mathayo, akasema taratibu, "Mwanangu, kwenu wametuonja, wametutema." Tulitoka bila kula. Njiani Timotheo alisema neno lake la pekee: "Kaka, ungemeza tu." Tangu hapo hajasema jingine, na karoti zake ziko ardhini zinapasuka.

Tumelia, tumetuma watu, tumeomba radhi. Jibu limekuja hivi. Hawataki mshenga mwingine, maana mdomo uliotema ndio utakaomeza. Jumamosi hii arudi mtu yuleyule, apewe kibuyu kilekile, ameze mbele ya watu walewale, na asiseme kitu. Akitema tena, kibuyu kinavunjwa hapohapo na Shukrani anabaki kwao. Nami nitabaki na sufuria zangu.

6. MAZOEZI. Usidhani tumekaa tu tunakulaumu. Tumejaribu. Nilimpa maji, akayatemea kwenye kopo la maua. Nikampa chai, akaitema dirishani, ikampata kuku. Mama Twaha akajitolea. Alivuta kigoda akakaa mbele yake na ufagio magotini, kama anavyowanywesha watoto wake dawa ya minyoo. "Meza, Baba Elieshi! Nakuona! Meza!" Mathayo akajitahidi, masikini, shingo ikapanda ikashuka, macho yakatoka machozi, halafu akatema kwenye ufagio. Anasema si yeye. Anasema mdomo wake ukisikia kitu kizuri unauliza ndoo iko wapi kabla yeye hajaulizwa. Mama Twaha akamwambia kama kitu kizuri ndicho kinachotemwa, basi apewe kibaya. Tukampa mwarobaini. Akasema una mwisho mrefu sana, unapendeza. Akautema.

Mara moja tu amemeza. Ilikuwa Jumapili, mezani pa Bwana. Kikombe kilipomfikia nikaona kinaanza kuzunguka mkononi mwake, nikafumba macho nikaomba kuliko nilivyowahi kuomba. Mchungaji alimkazia macho, akamweka mkono begani, na Mathayo akameza. Ni kweli kwamba aliporudi kwenye benchi alininong'oneza, "Ya mwaka huu huu," lakini alimeza. Nimejifunza jambo hapo, nalo ndilo msingi wa maombi yangu: Mathayo humeza akiwa amesimamiwa na mkubwa wake.

7. MTOTO. Hili limetokea jana, na ndilo lililonitoa subira yangu ya mwisho. Elieshi amenyonya, ameacha titi, ameyaweka maziwa shavu la kulia, ameyapeleka la kushoto, ametazama dari, ametema. Halafu akaniangalia kana kwamba kuna kitu angeniambia kama angejua kusema. Ndugu Meneja, hayo maziwa nayatengeneza mwenyewe. Sitaki kusikia yana mwisho gani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nikianza na dogo.

(a) Kuanzia siku utakayopata barua hii hadi Jumamosi, Mathayo asishuke shimoni. Mrudishe kwenye usukani. Hata kupeleka mashuka ya wageni kufuliwa ni kazi.

(b) Ndoo zote za kutemea ziondolewe hotelini, hata za kudekia sakafu, kwa maana ulimi ukizoea ndoo hauchagui.

(c) Umwandikie shangazi wa Rangwi barua yenye mhuri wa hoteli, ukithibitisha kwamba pombe yake imepimwa upya na mwisho wake umeonekana kuwa mrefu. Mhuri ugongwe mahali panapoonekana.

(d) Jumamosi uje mwenyewe Rangwi, umsimamie Mathayo, umshike bega, useme, "Meza." Ningemwomba mchungaji, lakini amesema hawezi kuonekana amesimama karibu na kibuyu. Wewe kusimama karibu na vileo ndiyo kazi yako.

(e) Kama huna nafasi, basi wazee wote wa ukoo wa Mzee Nathanaeli waalikwe hotelini kabla ya siku hiyo, washushwe shimoni, wafundishwe kutema. Jumamosi kila mtu akitema, itakuwa hakuna aliyemtema mwenzake. Nimelifikiria sana hili na sioni kosa lake, isipokuwa usafiri.

(f) Mimi nami nilazwe ubavu, chumba chenye giza na ubaridi, nisitikiswe. Sidai miaka. Mchana mmoja unanitosha.

Nakomea hapa kwa sababu aliyetema ameamka na ana njaa. Nisalimie mpishi wako, walinzi wa getini, dada wa mapokezi mwenye sauti nzuri kwenye simu, na yule mwalimu wa divai aliyekuja kuwafundisha, mwambie sina kinyongo naye ila asipite uani kwetu. Chupa nazo, kama zinasalimiwa, uzisalimie kwa kunyata.

Mimi niliye macho hadi utakaponijibu,

Pendo (Mama Elieshi)

N.B. Barua hii nilimpa Mathayo akuletee, maana ndiye anayekuja huko kila siku. Akaisahau ndani ya koti, na koti akalivaa Rangwi. Nimeikuta humo leo, ndiyo sababu unaiona ina doa pembeni. Jumamosi imekwisha pita.

Alimeza. Hakukuwa na wa kumshika bega, kwa hiyo nilisimama mbele yake mimi, mtoto mgongoni, nikamkazia macho kama mchungaji. Hakupeleka kibuyu dirishani, hakuzungusha, hakunusa. Alifumba macho akanywa, koo likashuka, nikaliona kwa macho yangu linashuka, na watu wote tuliokuwa mle tulimeza pamoja naye. Akajifuta mdomo. Hakusema neno, kama nilivyomwagiza. Mzee Nathanaeli akasema, "Imekwisha," Timotheo akakaa chini ghafla pasipokuwa na kiti, na vigelegele vikaanza jikoni.

Lakini shangazi hakukaa. Alikuwa amesimama palepale na beseni lake. "Haya," akamwambia Mathayo, "sema." Mathayo akanitazama. Shangazi akamwambia, "Usimtazame mkeo, nitazame mimi. Wiki nzima sili kwa ajili ya huo mwisho wako mfupi. Nimebadilisha miwa, nimeikalisha zaidi, nimeifunika na blanketi langu mwenyewe. Sasa unameza unanyamaza? Mwisho umefika wapi?"

Ndugu Meneja, mimi niliyeandika yote hayo ya juu, nilimtikisia kichwa kwamba sema.

Akasema polepole, bila mbwembwe. Kwamba mwanzoni kuna muwa uliokatwa na umande wake. Kwamba baadaye unakuja moshi wa jikoni kwa mtu anayeamka mapema. Kwamba kuna peasi iliyosahauliwa chini ya kapu. "Na mwisho, shangazi," akasema, akanyamaza, tukasubiri, "mwisho bado unakuja." Shangazi akajifunika uso na kanga. Alipojifunua akasema kwamba amepika pombe tangu ujana wake, imenywewa yote, na hakuna aliyewahi kumwambia inakwenda wapi. Baada ya hapo hatukuweza kuondoka. Mzee mmoja akaleta asali yake isemewe, mwingine tumbaku, na mwingine akavua koti.

Tulipokuwa tunarudi gari lilisimama kupakia kabichi. Mathayo akainama akakinusa kitenge changu cha kubebea mtoto. Nikamwambia thubutu. Akasema, "Maziwa. Moshi wa kuni mbichi. Sabuni ya mche. Halafu kuna usingizi uliohifadhiwa muda mrefu, haujafunguliwa." Nikamuuliza, na ndoo je, uletewe? Akasema, "Hii haitemwi, Mama Elieshi." Nilikuwa na mtoto mgongoni na kabichi miguuni, na sikuwa na pa kutazama.

Kwa hiyo maombi yangu uyachukulie hivi. Usimtoe shimoni. Ndoo zibaki. Mhuri ubaki kabatini. Wazee wa Rangwi bado wangependa kuja, lakini sasa wanataka kuja kumeza, hilo mtapanga wenyewe. Shangazi naye anauliza kama mnaweza kumlazia kibuyu kimoja humo shimoni, ubavu, hadi siku ya harusi.

Ombi (f) tu ndilo ninaloling'ang'ania, ila nalo usihangaike nalo. Shukrani amekuja asubuhi hii, amemfunga Elieshi mgongoni, ameshusha pazia, na ameniambia yale maneno yake. Naenda kulala ubavu. Tafadhali nisitikiswe.